Ulifanya operesheni ya kupunguza mwili na sasa chakula kinakwama? Maswali tunayoulizwa hapa Moshi

Mimi ni nesi, nipo chumba cha endoskopi (kipimo cha kamera inayoingizwa kwa mdomo kuangalia umio na tumbo) hapa Moshi. Haya maswali yanakuja na kurudi, mengine mtu anauliza ameshalala kitandani tunataka kuanza kipimo. Wengi walikatwa mbali, Dar, India, Uturuki, wakarudi zao Arusha au huku kwetu na aliyewakata hawajamwona tena mpaka leo.

Hizo operesheni zenyewe ni zipi?

Utasikia mbili. Slivu, wanakata mfuko wa chakula wanatoa kama robo tatu hivi au zaidi, kinabaki kibomba chembamba kama ndizi. Baipasi, wanatengeneza kimfuko kidogo juu wanakiunga na utumbo, mfuko wa zamani unabaki humo humo ndani ila chakula hakipiti tena. Puto sio operesheni, linaingizwa kwa mdomo na baada ya miezi linatolewa.

Kwa hiyo operesheni inaleta kansa?

Hapana, usianze kumtisha shemeji yako. Unene wenyewe ndo unaongeza hatari ya kansa nyingi, ikiwemo ya umio (lile bomba la kupeleka chakula tumboni), na tafiti kubwa zinaonyesha waliofanyiwa kwa ujumla wanapata kansa kidogo kuliko wanene wenzao ambao hawakufanyiwa. Ila slivu ina tabia moja, kile kibomba kina presha kubwa kwa hiyo tindikali inapanda juu, unapata kiungulia, na tindikali ikichoma umio miaka na miaka ngozi ya ndani inaweza kubadilika, na kwa wachache hayo mabadiliko ndo yanaishia kansa. Ndo maana wataalam wa hizi operesheni wanashauri mtu wa slivu apigwe kamera baada ya mwaka 1, halafu kila miaka 2 mpaka 3, hata kama hajisikii kitu. Nikiwauliza wagonjwa wangu nani aliambiwa hilo, wananiangalia tu.

Chakula kinakwama, natapika, si ndo operesheni inafanya kazi?

HAPANA. Hili naomba nilijibu taratibu maana ndo linalonichosha.

Wiki za mwanzo kutapika kupo, ulikula haraka au ulikula kingi, sawa, mpigie aliyekukata. Lakini mtu ana miaka 2, miaka 4 tangu akatwe, alikuwa anakula vizuri tu, sasa nyama inakwama kifuani, anaacha nyama. Ugali unakwama, anahamia mtori. Mtori unagoma, anahamia uji. Uji nao ukikataa ndo analetwa kwetu kabebwa, na miezi minne mitano yote hiyo nyumbani walikuwa wanasema "ni ile operesheni yake". Sio operesheni kufanya kazi! Operesheni kazi yake ni ushibe mapema, tonge kukwama njiani sio kazi yake. Kushiba na kukwama ni vitu viwili tofauti, na mgonjwa mwenyewe ukimuuliza vizuri anaijua hiyo tofauti.

Sio kila anayekwama ana kansa. Pengine pale walipounga pamebana, hapo daktari anapanua kwa kamera unarudi kwenye ugali wako, pengine ni kidonda, hasa kwa mvuta sigara au mtu wa kumeza diklofenaki kila goti likiuma. Lakini huwezi kujua ukiwa umekaa nyumbani, na mimi siwezi kukuambia kwa simu. Kimekwama wiki 2, njoo. Usisubiri mpaka uji.

Mbona naendelea kupungua, si ndo nilichotaka?

Ulipungua sana mwaka wa kwanza na nusu hivi, kisha uzito ukatulia, ndivyo inavyokwenda. Mwaka wa tatu kilo zinaanza kushuka tena na hujabadilisha chochote, kijiweni wanakwambia "umependeza dada, tupe siri", sokoni Mbuyuni wanakwambia hivyo hivyo, na wewe unafurahi. Hakuna cha kufurahia hapo. Kilo zinazoondoka zenyewe baada ya kutulia ni sababu ya kuja hospitali, pamoja na sauti kukauka, kutapika damu au choo cheusi kama lami (vidonge vya madini ya chuma navyo vinafanya choo kiwe cheusi, kwa hiyo sema kama unavimeza, usijiamulie mwenyewe).

Natumia omeprazo, inanisaidia.

Inasaidia kiungulia, na wengi wa slivu wanaihitaji kweli, ila aandike daktari anayekufuatilia. Wewe unanunua famasi mwaka mzima, unachanganya na dawa ya mizizi ya kwenye chupa, kila mtu amekupa jina la vidonda vya tumbo na hakuna aliyeingiza kamera akaviona. Omeprazo inaweza kutuliza maumivu huku uvimbe unakua. Na narudia, hakuna omeprazo inayofungua njia iliyoziba.

Na chai?

Chai haina shida, shida ni kuinywa inatoka kwenye chupa inafuka moshi, na huku tunapenda hivyo hivyo kwa sababu ya baridi. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa kansa la Umoja wa Mataifa, IARC, liliweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha kansa ya umio, na Afrika Mashariki hiyo kansa tunayo nyingi hata kwa watu wembamba ambao hawajawahi kukatwa. Acha ipoe. Sigara na pombe kali ndo kabisa, na baada ya baipasi pombe inapanda haraka kuliko ulivyozoea.

Nikija kupimwa nije na nini?

Karatasi ya operesheni, tafadhali. Kama huna, angalau jua ni slivu au baipasi, maana wa baipasi ule mfuko wa zamani kamera ya kawaida haiufikii, daktari anaweza kukwambia ni safi kumbe ameona kimfuko cha juu tu, ikibidi unapigwa picha ya CT. Usile kuanzia usiku, kama chakula kinakwama sema mapema tukwambie uanze kufunga lini, maana kinakaa juu muda mrefu. Kipimo chenyewe ni dakika chache, wakiona kitu wanachukua kinyama kidogo kwenda maabara na majibu ya hicho kinyama uyafuate, kuna majibu yanakaa kwenye faili miezi mwenyewe hajaja. Na njoo na mtu, ukichomwa sindano ya usingizi hatukuruhusu urudi peke yako, wala usiniambie bodaboda yako inakusubiri nje.