Mtakatifu Brigida na Mungu wa Kike Mwenye Jina Lake

Tarehe 1 Februari Waayalandi huadhimisha Mtakatifu Brigida wa Kildare, mji wa mashariki mwa Ayalandi wenye monasteri inayohusishwa naye, na tangu 2023 wana mapumziko ya kitaifa kwa heshima yake. Siku hiyo ndiyo pia ilikuwa Imbolc, sikukuu ya kale ya kuanza kwa majira ya kuchipua, kondoo wanapoanza kutoa maziwa. Kwa sababu hiyo wengi husema Brigida hakuwahi kuishi: eti ni mungu wa kike wa Wakelti aliyevishwa shela na Kanisa.

Tuyatazame maandishi kwanza. Cogitosus, mtawa wa Ayalandi, aliandika maisha ya mtakatifu huyu katika karne ya 7. Mungu wa kike Brigit tunamkuta kwenye kamusi inayohusishwa na Cormac, mfalme na askofu wa Munster, kusini mwa Ayalandi, aliyefariki 908. Humo ni binti wa mungu Dagda, naye Brigit aliabudiwa na washairi, mwenye dada wawili wa jina hilohilo, mmoja wa uganga na mwingine wa uhunzi. Kwa hiyo habari za mungu huyo ziliandikwa baada ya zile za mtakatifu, tena na Wakristo.

Hoja inayopendwa zaidi ni ya moto. Gerald wa Wales, kasisi na mwandishi aliyefika Ayalandi miaka ya 1180, anasimulia kuwa Kildare kulikuwa na moto usiozimika, ndani ya uzio ambao mwanamume haruhusiwi kuuvuka. Watawa 19 waliulinda kwa zamu, kila mmoja usiku wake. Usiku wa 20 yule wa mwisho aliweka kuni, akamwambia Brigida autunze mwenyewe, akaenda zake. Asubuhi kuni zimekwisha na moto ungali unawaka. Ni rahisi kuona hapo hekalu la kale. Ila Cogitosus, anayelisifu kanisa la Kildare hadi kuta zake za ndani zilizogawanya wanaume na wanawake, hautaji moto huo hata kidogo. Kwangu ukimya huo una uzito mkubwa.

Ninachokubali ni jina. Kaskazini mwa Uingereza kuna mawe ya enzi ya Warumi yaliyochongwa jina la mungu wa kike Brigantia, linalotokana na mzizi uleule wa jina Brigida. Basi jina la namna hiyo liliabudiwa kabla ya Ukristo kuenea visiwani. Ama desturi ya kuacha kitambaa nje usiku wa kuamkia sikukuu, Brigida akibariki kiwe dawa ya maumivu ya kichwa, tunaijua hasa kwa wakusanyaji wa mila wa karne ya 20, na haitoshi kuthibitisha ibada ya miaka 1,500 nyuma.