Ufunguo Ukiwa Ubaoni, Haina Maana Chumba Kitupu

Boti ya saa moja asubuhi kutoka Dar hufika gatini Malindi, hapa Unguja, kwenye saa tatu. Muda si mrefu wageni wanakuwa mbele ya kaunta yangu ya mapokezi, hotelini hapa Mji Mkongwe, jasho linawatoka, na hakosi mmoja wa kunyoosha kidole kwenye ubao wa funguo nyuma yangu: "Dada, mbona unasema vyumba bado? Funguo si zile pale?" Wiki hii nimeulizwa hivyo mara nne.

Funguo zile zina wenyewe. Zina vishikizo vizito vya mbao, na tunawaomba wageni watuachie kila wanapotoka, zisije zikapotelea baharini. Mwenye chumba kaenda kisiwani Changuu kuangalia makobe. Begi lake liko juu ya kitanda na mswaki wake uko bafuni.

Hata chumba ambacho mgeni wake ameshaondoka, bado si chako. Muda wa wageni kuachia vyumba hapa kwetu ni saa nne asubuhi. Hapo ndipo mhudumu anaingia: kutoa mashuka, kusugua bafu, kupiga deki, kufunga chandarua upya, kujaribu kiyoyozi na maji ya moto. Chumba kimoja kinamla nusu saa, kikiwa kichafu sana hata dakika 45, na ana vyumba saba vya kumaliza peke yake. Kisha supavaiza anapita kukagua, na akishanipigia simu tu ndipo naruhusiwa kukitoa. Piga hesabu mwenyewe uone saa nane mchana ya wageni kuingia imetoka wapi. Hatukuibuni kukukomoa.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikubali kubembelezwa, nikatoa chumba kabla hakijakaguliwa. Dakika tano hazikupita, mama wa watu akashuka ngazi na taulo mbichi ya mtu mwingine mkononi. Alikuwa na haki ya kukasirika, na mimi sijarudia tena.

Kwa hiyo nawasihi: pigeni simu jana yake, mtaje na boti mnayokuja nayo. Nikijua mapema, namwomba supavaiza chumba chenu kianze kusafishwa. Na nguo za kubadilisha zipakieni juu kabisa ya begi. Mizigo tutawatunzia bila malipo, choo cha wageni kipo, na bustani ya Forodhani ni karibu. Kugonga kaunta hakukaushi sakafu.

Wengine wanaamini bei ya mtandaoni haishindiki. Tovuti za bukingi hutukata kamisheni, mara nyingi asilimia 15 au zaidi. Ukipiga simu hotelini, uliza bei ya moja kwa moja; mara nyingi kuna nafuu, au angalau kifungua kinywa juu yake.

Kuna wazazi wanaoniambia binti yao "anajua kutabasamu", basi nimtafutie nafasi mapokezi. Aje, lakini ajue hesabu. Zamu ya usiku ndiyo inayofunga mahesabu ya siku nzima: fedha taslimu, kadi, na kila bili ya kila chumba. Ikipungua shilingi, hulali mpaka uione.

Na wanaokuja kaunta kuuliza mume au mke yuko chumba namba ngapi: sitaji, hata kama cheti cha ndoa unacho mkononi. Nitapiga simu chumbani. Akisema upandishwe, nitakupandisha mwenyewe.