Usafi wa njia Karura: anza na maji

Jumamosi ya usafi Karura, wengi hufika na glovu mpya na magunia, tayari kuokota chupa. Nawakaribisha vizuri, kisha nawaudhi kidogo: nawapa majembe. Kazi yangu ni kutunza njia za msituni, na nikipewa watu ishirini kwa asubuhi moja, kumi na watano nitawapeleka kwenye mitaro, watano kwenye takataka.

Sababu ni udongo. Msitu huu, hekta zaidi ya 1,000 ndani ya Nairobi, umekalia ule udongo mwekundu tunaoujua wote. Kiangazi ni mgumu kama tofali. Mvua za Machi zikianza unateleza kama sabuni. Maji yakikosa pa kutokea hufuata njia yenyewe, yakaichimba katikati. Mpita njia hataki kulowesha viatu, basi anapita kando, juu ya miche. Anayemfuata anapita kando zaidi. Nimeona kijia cha kupita mtu mmoja kikageuka uwanja kwa msimu mmoja tu wa mvua.

Ndiyo maana mapema, kabla ya masika, tunafungua mitaro. Mingi tayari ipo, ila imeziba. Utaitambua kwa rundo la majani na tope laini lililokauka likapasuka vipande vipande. Anza kuchimba mdomoni, upande wa bondeni, halafu rudi nyuma kuelekea njiani. Mdomo uwe mpana kuliko pale maji yanapoingilia.

Wageni hukosea sana hapa: wanachimba mtaro unaokatiza njia moja kwa moja, kama mstari wa rula. Maji yakifika hapo yanapoteza kasi, mchanga unatuama, na baada ya mvua mbili tatu hakuna mtaro tena. Ulaze mshazari, uelekee chini, maji yenyewe yatausafisha. Udongo uliotoa utupe mbali bondeni. Ukiuacha ukingoni umejenga ukuta, na maji yatarudi palepale ulipoyatoa.

Kisha mwaga maji, utazame. Mama mmoja, mhasibu, alimwaga mtungi wa lita 20 kwenye mtaro aliouhangaikia saa nzima. Maji yakafika nusu, yakasimama. Alinitazama kama mimi ndiye niliyeyazuia. Tukapunguza kijinundu cha udongo kisichozidi upana wa vidole viwili, akamwaga tena, yakaenda.

Majani makavu njiani yaacheni, jamani. Yanapokea matone ya mvua kabla hayajaupiga udongo. Tunayatoa mtaroni tu. Kuna kikundi kilifagia njia nzima ikang'aa kama ua la nyumbani, wakapiga picha na bango lao, wakaondoka. Mvua iliyofuata ikabeba udongo wa juu wote.

Lantana nayo, kile kichaka kigeni kinachovamia msitu, usiifyeke kwa panga na kuiacha, maana shina litachipua upya. Ing'oe na mizizi ikiwa bado changa, kabla ndege hawajala matunda na kusambaza mbegu.

Na takataka? Tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika maeneo ya hifadhi nchini, misitu ikiwemo, na njiani nafuu inaonekana. Nyingi sasa zinaletwa na mito, kama Gitathuru, kutoka mitaani huko juu. Wale watano wangu huwa wako huko, kwenye kingo, na magunia yao ndiyo mazito kupita yote kwa sababu ya nepi zilizolowa.

Nawaelewa wanaouliza kwa nini hatupandi miti. Mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa kwenye lango la msitu huu kwa kutaka kupanda mti, na tangu hapo mche mkononi Karura una maana yake. Mtaro haujawahi kupigiwa makofi. Lakini mche ulio kando ya njia iliyooza utakanyagwa kabla haujafika magotini.

Yule mhasibu alirudi baada ya mvua. Hakungoja kupangiwa kazi. Alienda moja kwa moja kwenye mtaro wake. Mdomoni alikuta majani yamejishika kwenye kizibo cha chupa ya soda, maji yamejaa nyuma yake. Akachutama, akakitoa kwa kidole.