Climat: neno la kujua kabla ya kuzunguka vijiji vya mvinyo vya Bourgogne

Ukiwa Bourgogne, mashariki mwa Ufaransa, ukauliza mvinyo umetoka kwa zabibu gani, jibu ni fupi mno: mwekundu ni Pinot Noir, mweupe ni Chardonnay. Aina nyingine zipo, ila si hizo zilizoupa mkoa huo jina. Swali la wenyeji ni jingine kabisa: zabibu zimetoka shamba lipi? Jibu lake ndilo climat, neno linalotamkwa “klima”.

Climat ni kipande cha shamba la mizabibu chenye mipaka inayojulikana, jina lake chenyewe na sifa iliyojengeka kwa karne nyingi. Hapa hatuzungumzii hali ya hewa peke yake. Kinachotofautisha kipande na jirani yake ni mteremko, kina cha udongo, wingi wa chokaa, namna maji yanavyopita na jua la asubuhi linavyopiga. Vipande viwili huweza kutenganishwa na njia ya trekta tu, lakini bei za chupa zake zisikaribiane hata kidogo. Mwaka 2015 UNESCO iliviingiza katika Urithi wa Dunia vipande 1,247 vya ukanda unaoanzia Dijon na kupita kusini mwa Beaune.

Vijiji navyo viling’ang’ania umaarufu huo. Mwaka 1847 kijiji cha Gevrey kilijiongezea jina la shamba lake bora, kikawa Gevrey-Chambertin. Puligny na Chassagne vilifanya hivyo baadaye, na kwa kuwa shamba la Montrachet limekaa juu ya mpaka wao, vyote viwili vikalichukua jina. Hapo ndipo wageni wengi huliwa pesa: chupa iliyoandikwa “Gevrey-Chambertin” ni mvinyo wa kijiji, wakati ile iliyoandikwa “Chambertin” peke yake ndiyo ya shamba lenyewe.

Mfano mzuri zaidi ni Clos de Vougeot. Clos ni shamba lililozungushiwa ukuta wa mawe, na hili lilikuwa la watawa wa Cîteaux, abasia iliyoanzishwa mwaka 1098. Mapinduzi ya Ufaransa yaliwanyang’anya. Mwaka 1889 likaanza kuuzwa kwa wanunuzi mbalimbali, na leo hekta zake kama 50 zina wamiliki wapatao 80, wengine wakiwa na mistari michache tu ya mizabibu. Ukuta mmoja, jina moja, mikono themanini. Kwa hiyo kwa maoni yangu, anayenunua kwa kusoma jina la shamba bila kutazama jina la mtengenezaji anacheza bahati nasibu.

Barabara iitwayo Route des Grands Crus, kama kilomita 60 kutoka Dijon hadi Santenay, inapita katikati ya haya yote, na baiskeli inafaa kuliko gari. Usitarajie vishindo. Romanée-Conti, ambalo mvinyo wake ni miongoni mwa ghali kabisa duniani, halifiki hata hekta 2. Ni mizabibu mifupi, ukuta mfupi na msalaba wa mawe kando ya njia, pamoja na kibao kinachoomba watu wasiingie shambani. Vijiji vyenyewe ni vya kimya, milango imefungwa, na kuonja mara nyingi ni kwa miadi.

Beaune ndiko penye uchangamfu. Hapo ipo Hôtel-Dieu, hospitali ya maskini iliyoanzishwa mwaka 1443 na Nicolas Rolin, kansela wa mtawala wa Bourgogne, yenye paa la vigae vya rangi vilivyopangwa kwa nakshi. Karne kwa karne wafadhili waliiachia hospitali hiyo mashamba katika wasia, nayo ikawa mmiliki mkubwa wa mizabibu. Mvinyo wake hunadiwa kila mwaka Jumapili ya tatu ya Novemba. Kinachonunuliwa si chupa bali pipa zima, mara nyingi likiwa na jina la mfadhili wa zamani pembeni mwa jina la shamba au kijiji. Mvinyo huo huwa wa mavuno ya miezi michache tu iliyopita, na mnunuzi hukabidhi pipa lake kwa mfanyabiashara wa mvinyo wa huko ili alitunze hadi wakati wa kutiwa chupani.