Malta: mvua ya Dodoma, baridi ya ndani ya nyumba

Wanaokwenda kusoma Malta, hasa wanasheria wanaopata nafasi kwenye chuo cha sheria za bahari kilichopo Msida, hupita kitengo chetu cha hali ya hewa na swali moja: ninunue koti la theluji? Tunawaambia wasinunue. Koti jepesi lisilopitisha maji linatosha, pamoja na soksi nene za kulalia. Theluji huko ni kioja cha kupigia picha.

Malta ni visiwa vyenye eneo la kilomita za mraba 316 tu, yapata kilomita 93 kusini mwa Sicily. Ukitazama ramani vizuri utaona kwamba Valletta, mji mkuu, uko kusini zaidi kuliko Tunis. Hakuna mlima wa kukinga upepo, kwani kilele cha juu kabisa kina mita 253, wala hakuna mto unaotiririka mwaka mzima. Hivyo mwenye kauli ya mwisho ni bahari.

Kwa mwaka hunyesha wastani wa milimita 550 hivi, kiasi kinachokaribiana na cha Dodoma. Lakini Dodoma mvua huja wakati wa joto. Jua likichomoza tu, maji mengi yanarudi angani. Malta hunyeshewa zaidi kuanzia Oktoba hadi Machi, jua likiwa dhaifu, na maji yanapata muda wa kuzama ardhini. Ndiyo maana Januari, mwezi tunaodhani kila kitu Ulaya kimekufa kwa baridi, mashamba ya Malta huwa ya kijani. Yanayokauka ni ya Julai.

Julai karibu hakuna tone. Hewa iliyopanda kwenye ukanda wa mvua wa tropiki, ikamwaga maji yake huko, husafiri juu kwa juu na kushuka kwenye latitudo za huko ikiwa kavu. Hewa inayoshuka haijengi mawingu. Sisi huita hali hiyo mgandamizo mkubwa wa hewa. Mchana wa Agosti hufikia wastani wa nyuzijoto 32, na Agosti 1999 ilipimwa 43.8.

Bahari nayo ina tabia ya chungu kikubwa jikoni: inachelewa kupata moto, inachelewa kupoa. Agosti maji huwa na nyuzi 26 hivi, na Oktoba bado ni vuguvugu. Hewa baridi ikiteremka kutoka kaskazini na kupita juu ya maji hayo, mvuke hupanda kwa kasi, radi zinaanza, na mvua inaanguka kama imepinduliwa ndoo. Msida iko mwisho wa bonde, na maji ya Birkirkara, mji ulio juu ya bonde hilo, yote yanataka kupita hapo. Yamechimbwa mahandaki ya kuyapeleka baharini, lakini mgeni wa Oktoba asiegeshe gari bondeni akalala. Kisha, karibu na tarehe 11 Novemba, joto huweza kurudi kwa siku chache. Wenyeji wanaliita is-sajf ta' San Martin, kiangazi cha Mtakatifu Martin.

Sasa ile baridi. Januari usiku ni nyuzi 9 au 10. Mtu wa Njombe atacheka. Lakini nyumba nyingi zimejengwa kwa mawe ya chokaa yanayonyonya unyevu, dari ziko juu sana, sakafu ni vigae, na mfumo wa kupasha joto haupo. Nilipokaa huko kwa mafunzo, mwenye nyumba wangu alinipa kihita kimoja cha gesi na onyo la kufungua dirisha kidogo kila ninapokiwasha. Ukutani nyuma ya kabati kuliota kuvu. Wiki ya pili nilikuwa navaa koti nikiingia ndani na kulivua nikitoka juani.

Pepo za huko hazina ratiba kama kaskazi na kusi zetu, lakini kila moja ina jina lake. Majjistral, wa kaskazini magharibi, ndio unaovuma mara nyingi zaidi. Grigal, wa kaskazini mashariki, ndio wa kuogopwa, kwa sababu bandari kuu zinatazama huko huko. Waliosoma Matendo ya Mitume wanaukumbuka kwa jina la Eurakilo: ndio uliolisukuma jahazi la Paulo mpaka likavunjika Melita, yaani Malta, na wenyeji wakawawashia abiria moto kwa ajili ya mvua na baridi. Walingoja miezi mitatu kabla ya kusafiri tena, jambo ambalo nahodha yeyote wa jahazi wa Lamu angelielewa. Februari 2019 grigal ulivuma kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa, na huko Xemxija mawimbi yakatupa samaki barabarani. Watu walitoka na mifuko.

Maji ya kunywa ni kisa kingine. Tangu zamani nyumba zilichimbiwa visima chini ya sakafu vya kukinga mvua ya paa, na leo zaidi ya nusu ya maji ya bomba ni ya bahari yaliyoondolewa chumvi. Yanakunywika, ila chai itakushangaza mwanzoni.

Tukirudi kwenye pepo, uliobaki ni xlokk, wa kusini mashariki. Unatoka Sahara ukiwa mkavu, unavuka bahari na kubeba unyevu, unafika mzito na wa moto, na mara nyingine una vumbi. Mvua ikiuwahi, inanyesha matope mekundu. Kwa hiyo asubuhi ukimwona jirani anachungulia angani upande wa kusini, kisha anaanua nguo kavu na mbichi kwa pamoja, usimuulize. Anua na zako.