CASA ni nini? Namna msuli unavyoondoa protini zilizoharibiwa na mvuto

Kunja ngumi, kisha iachie. Kitendo hicho kidogo kimevuta mamilioni ya protini ndani ya misuli ya mkono wako. Nyingi zimerudi katika umbo lake bila taabu. Chache zimevutika kupita kiasi na hazirudi tena. Utaratibu wa kuziondoa hizo huitwa CASA, kifupi cha jina refu la Kiingereza (chaperone-assisted selective autophagy) ambalo kwa Kiswahili tungesema otofaji teule inayosaidiwa na shaperoni. Jina linatisha kuliko jambo lenyewe.

Otofaji ni neno lenye asili ya Kigiriki, maana yake kujila mwenyewe. Lilibuniwa mwaka 1963 na Christian de Duve, Mbelgiji aliyegundua lisosomu. Seli huzungushia taka utando, kisha furushi hilo huungana na lisosomu, yaani kifuko chenye asidi na vimeng'enya, na humo protini huvunjwavunjwa kuwa asidi za amino zinazotumika upya. Siku hizi neno hili limezagaa mitandaoni katika habari za kufunga kula. Ni kweli njaa huamsha otofaji, lakini ile ya njaa hukomba karibu chochote inachokikuta. CASA haingoji njaa, wala haikombi ovyo: inachagua. Ndiyo maana ikaitwa teule.

Inachagua nini? Mfano unaofahamika zaidi ni protini iitwayo filamini. Ndani ya seli ya msuli kuna nyuzi za aktini, protini inayosaidia msuli kujikaza, na filamini huzishikanisha hasa kwenye diski Z, mipaka ambayo nyuzi hizo zimejishikiza. Molekuli yake ina mikono miwili iliyoungana kwenye ncha kama herufi V, na kila mkono una vipande 24 vilivyokunjwa, vimefuatana kama shanga kwenye uzi. Msuli ukijikaza, baadhi ya vipande hufunguka. Kufunguka kidogo si kosa, kwani ndiko kunakoifanya filamini inyumbuke. Tatizo huanza kipande kinapofunguka hadi sehemu zake zisizopatana na maji, ambazo kwa kawaida hujificha ndani, zinabaki wazi. Sehemu hizo hunata ovyo.

Hapo ndipo shaperoni zinapoingia. Hizi ni protini zinazozihudumia protini nyingine zilizopoteza umbo. Mbili kati yake, HSC70 na HSPB8, huunganishwa na protini iitwayo BAG3, nazo hukishika kipande kilichofunguka. Kisha CHIP, mwenzao katika kundi hilo, huibandika filamini alama ya ubikwitini, protini ndogo yenye asidi za amino 76. Mara nyingi alama hiyo huipeleka protini kwenye proteasomu, mashine nyingine ya seli ya kuvunja protini. Safari hii sivyo: protini ya p62 huitambua alama, utando hujengwa kuzunguka mzigo, na filamini huishia kwenye lisosomu.

Kwangu mimi, utamu wa habari hii uko kwa BAG3. Ukiondoa filamini bila kuleta nyingine, diski Z italegea. Basi BAG3 hiyohiyo inayosimamia ubomoaji ina sehemu nyingine, WW, inayozishika protini ambazo kazi yake ni kuzizuia protini nyingine mbili, YAP na TAZ. Vizuizi hivyo vikishikwa, YAP na TAZ huwa huru kuchochea jeni, ikiwemo ya filamini. Kwa hiyo mvuto uleule ulioharibu filamini ya zamani ndio unaoagiza mpya.

Kwa binadamu, kasoro moja kwenye BAG3, ambapo asidi ya amino ya nafasi ya 209, prolini, imebadilika kuwa nyingine, leusini, husababisha ugonjwa mkali unaoanza utotoni: misuli hudhoofika, moyo huathirika na kupumua huwa kwa shida. Ukiitazama misuli hiyo kwa hadubini, unaona diski Z zilizosambaratika na mabonge ya protini.

Panya waliotengenezwa bila BAG3 kabisa wanaeleza jambo hili vizuri zaidi. Huzaliwa na misuli inayoonekana sawa, kwa sababu kuijenga hakuihitaji BAG3. Wakishaanza kuitumia, inaharibika upesi, na wengi hufa kabla ya kufikisha wiki chache.