Vidonda vya tumbo: pilipili inasingiziwa

Ni wachache waliolelewa Mombasa ambao hawakuwahi kuambiwa na nyanya zao kwamba wakikaa na njaa watapata vidonda vya tumbo. Na mgonjwa wa alsa, kama wengi tuitavyo maradhi haya, hukatazwa pilipili, achari na mbaazi za nazi siku ile ile anapotangaza kuwa tumbo linamchoma. Makatazo hayo hutolewa kwa huruma, lakini humfanya mgonjwa apambane na sahani yake kwa miaka huku chanzo cha kidonda kikiwa hakijaguswa.

Tuanze na njaa. Tumbo lenye afya limefunikwa kwa ute mzito unaolikinga na asidi yake lenyewe, na ute huo hautoboki kwa kuwa mtu amekosa chakula cha mchana. Kinachouharibu, kwa wagonjwa walio wengi, ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, au matumizi ya mara kwa mara ya dawa za maumivu kama vile aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Bakteria huyo aliotweshwa maabarani mwaka 1982 na Barry Marshall na Robin Warren, madaktari wa Perth, Australia. Wataalamu wengi walipokataa kusadiki kwamba kijidudu kinaweza kuishi ndani ya asidi, Marshall alimnywa mwenyewe mwaka 1984, na baada ya siku chache tumbo lake likawa limevimba kwa ndani. Wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Njaa huamsha tu maumivu ya kidonda kilichokwishakuwepo, hasa kile cha mwanzo wa utumbo mwembamba, ambacho hutulia mtu anapokula kisha kikarudi baada ya saa mbili tatu au usiku wa manane. Nyanya aliona sawasawa kwamba njaa na maumivu hufuatana, ila aliitwika njaa hatia isiyo yake.

Pilipili nayo haichimbi kidonda. Inaweza kumchoma mtu ambaye tumbo lake limekwisha kudhurika, na hapo hana budi kuipunguza, lakini mwenzake mwenye maradhi yayo hayo huila na mihogo ya kukaanga asihisi lolote. Kwa hiyo orodha moja ya vyakula vya haramu kwa wagonjwa wote haina msingi. Lililo bora ni kuandika daftarini kwa majuma mawili kila unachokila, saa uliyokila na jinsi ulivyojisikia, kisha kuacha kitu kimoja kimoja unachokishuku, kwa kuwa ukiacha vitano kwa mpigo hutajua ni kipi kilichokuwa kikikuudhi. Kahawa chungu ya jioni nayo ipimwe hivyo hivyo. Kinachonishangaza ni mgonjwa anayeogopa kijiko cha achari, ilhali kila jioni humeza diklofenaki kwa ajili ya maumivu ya mgongo bila kumweleza daktari.

Wapo wanaoamini kwamba maziwa hutibu. Imani hii iliwahi kuwa tiba rasmi: mwaka 1915 daktari Bertram Sippy wa Chicago alieleza utaratibu wa kuwapa wagonjwa maziwa na malai kila saa. Maziwa hupoza kwa muda mfupi, kisha protini na kalsiamu yake hulichochea tumbo litoe asidi zaidi, na anayekunywa bilauri nzima kabla ya kulala huenda akaamshwa na maumivu yale yale aliyotaka kuyakimbia. Kinachomwondoa bakteria ni antibiotiki zaidi ya moja pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida kwa siku 14. Wengi huziacha maumivu yanapokoma, bakteria akabaki hai na pengine sugu. Omeprazoli, mojawapo ya dawa hizo za kupunguza asidi, imezwe takriban nusu saa kabla ya kula. Ikimezwa baada ya chakula nguvu yake hupungua. Kupona nako kuhakikishwe kwa kipimo cha choo au cha pumzi, angalau wiki nne baada ya kumaliza antibiotiki, kwa sababu kipimo cha damu huweza kuendelea kumwonyesha bakteria aliyekwisha kuondoka.

Mwezi wa Ramadhani huleta dhana mbili zinazopingana: kwamba mwenye vidonda hawezi kufunga kamwe, na kwamba saumu itamponya. Ambaye kidonda chake kimepona mara nyingi hufunga salama, lakini mwenye kidonda kibichi au aliyetokwa na damu karibuni amwone daktari kabla ya mwezi kuandama, kwani dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Anayefunga na afuturu kwa tende na maji, apumzike kidogo, ndipo ale chakula kizito kwa kiasi, bila kurundika bajia na viazi karai juu ya tumbo tupu. Daku lisifuatwe na kitanda papo hapo; kulala baada ya kushiba hurudisha asidi kooni, na kiungulia hicho wengi hukidhania kuwa kidonda.

Kutapika damu au matapishi yanayofanana na masimbi ya kahawa, choo cheusi chenye kunata kama lami, au maumivu makali ya ghafla yanayolifanya tumbo kuwa gumu, ni mambo ya kupelekwa hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Vidonge vya madini ya chuma pia hufanya choo kiwe cheusi, kwa hiyo anayevitumia amtajie daktari mapema.